Barua ya Wandera, Niliyoisoma Nusu

Jioni hizi, ninapochagua mawe kwenye nafaka ya wimbi, mtoto wa jirani hukaa upande wa pili wa ua akikariri Kiingereza chake. *The goat was tied to the tree. The baby was looked after by its sister.* Anakariri kwa kuimba, kama tulivyokariri sisi, na mikono yangu husimama juu ya ungo. Sauti hiyo hunirudisha shuleni kwetu Buhehe, wakati wa vita vya Hitla, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili hivi, msichana pekee katika darasa la wavulana waliokuwa wakinicheka kwa sababu nilikuwa nikiwashinda.

Mwalimu wetu aliitwa Yokana, Mjopadhola wa kutoka Mukuju. Darasani tulikuwa Wasamia, Waiteso na Wajaluo, kwa hiyo alitufundisha Kiingereza kwa Kiswahili cha mpakani, kile kisichojisumbua na ngeli. Wakati huo alikuwa akitufundisha namna Mzungu anavyosema kwamba kitu kimefanywa, na vijineno anavyovibandika nyuma yake.

"Nyinyi sikia," alisema, akigonga ubao. "Mutu ya kufanya, hiyo nakwenda na *by*. Kitu ya kufanyia, hiyo nakwenda na *with*. Mbuzi alipigwa *by* Okoth *with* fimbo. Okoth nakaa nyuma huko mwisho, lakini makosa ni yake!"

Okoth mwenyewe alikuwa dawati la mbele, basi tulicheka mpaka tukatoka machozi. Kisha Mwalimu akatueleza kwamba Mzungu akitaka anaweza kumwacha Okoth nje kabisa, akasema tu mbuzi alipigwa, na hakuna atakayemuuliza. Tena kulikuwa na maneno yenye vijineno viwili vilivyofuatana, *looked after by*, *attended to by*, na ole wako ukisahau kimoja. Sisi tuliyaita ng'ombe wa mikia miwili. Niliwapenda ng'ombe hao. Nilikuwa nikiwakariri njiani, nikibeba kuni, hata kanisani mhubiri akiendelea na mahubiri yake.

Aliyenipeleka shule alikuwa kaka yangu Wandera. Baba hakuona faida ya kumsomesha msichana. Wandera ndiye aliyembembeleza, na siku ya kwanza alinivusha kinamasi mgongoni ili gauni langu lisiingie tope. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Wengine walikufa wachanga. Vita vilipokuja Wandera akachukuliwa jeshini, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, na kila baada ya muda mrefu ilikuja barua ya Kiswahili aliyoandikiwa na mwenzake, yenye salamu nyingi na habari kidogo. Mama alizifunga barua hizo pamoja na kitenge chake cha kanisani.

Halafu ikaja barua ya Kiingereza. Iliandikwa kwa mashine, ikaletwa na askari wa chifu shule zikiwa zimefungwa. Barua ya namna hiyo ilikuwa imewahi kutangulia kurudi kwa mtoto wa jirani mmoja aliyepewa likizo, kwa hiyo baba hakuwa na shaka yoyote. Hakunipa niisome faraghani. Aliwaita majirani wote, akatandika mkeka uani, akasimama katikati yao kifua mbele.

"Leo munaona kwa nini mimi napeleka musichana shule," alisema, kana kwamba lilikuwa wazo lake. "Soma, mwanangu. Sema kaka yako nakuja lini."

Ilikuwa barua fupi. Ilisema kwamba Wandera alijeruhiwa, kwamba alihudumiwa na madaktari, na kwamba alizikwa pamoja na wenzake. *Was wounded in. Was attended to by. Was buried with.* Vyote vilikuwepo pale, vijineno vyangu nilivyovipenda, vimepangwa sawasawa, hakuna kilichokosewa. Nilielewa kila neno. Hakuna siku niliyowahi kuelewa Kiingereza vizuri kuliko siku ile.

Nawaomba mnisikilize hapa kabla hamjanihukumu. Kwetu msiba una mwenyewe wa kuutangaza. Huja mzee wa ukoo alfajiri, kabla moto haujawashwa, akakaa, akaomba maji, akayashika bila kuyanywa. Ukiona hayanywi, umeshajua, na moyo umepata nafasi ya kujiandaa. Mtoto hatamki kifo. Mtoto akikitamka, husemwa kwamba amekiita. Na mimi nilikuwa mtoto, mchana kweupe, mbele ya watu thelathini waliokuja kufurahi, na mama alikuwa amekaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, akitazama mdomo wangu.

Nikasoma Kiingereza chote kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekielewa. Kisha nikatafsiri yale mawili ya mwanzo tu, nikaliacha la mwisho.

"Inasema aliumia kidogo," nikasema. "Inasema anatunzwa na madaktari."

Mama alipiga kigelegele. Madaktari wa Wazungu! Baba akachinja jogoo. Nikapewa paja, nyama ambayo siku hizo haikuliwa na msichana, nikaila hadi mfupa huku wote wakinitazama.

Usiku ule nilijiambia nitamwambia baba mdogo. Kesho yake nikajiambia nitamngoja Mwalimu Yokana arudi kutoka kwao Mukuju, yeye ni mtu mzima, atajua la kufanya. Njia ya mwongo ni fupi, husema waja. Yangu ilikuwa na urefu wa mwezi mmoja, na kila siku ilizidi kuwa ngumu kugeuka. Mama akakaanga ufuta, akautwanga na karanga, akaujaza kibuyuni, akampelekea askari wa chifu ampelekee mgonjwa. Askari aliupokea. Sijui nani aliula.

Ndani ya mwezi huo kukawa na harusi ya binti wa shangazi. Mama yangu alisifika kwa kucheza ngoma. Alikuwa mnene kiasi, lakini mabega yake yalikuwa mepesi, na wapigaji walikuwa wakibadilisha mdundo wakimwona anaingia uwanjani. Tangu Wandera aondoke hakuwa amecheza. Siku ile alicheza. Alicheza kwa ajili ya mwanawe anayetunzwa na madaktari, akaimba jina lake, akalitia katika kila wimbo, mpaka wanawake wakambandika majani kichwani kumtunza. Nilikwenda nyuma ya ghala nikatapika. Shangazi akasema nimekula nyama nyingi.

Mwalimu Yokana aliporudi, baba alimpelekea barua, kwa kujivuna tu, aone mwanafunzi wake amesoma nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mwalimu aliisoma mara mbili. Akaikunja, akanitazama, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwambia baba kwamba ataondoka nayo akaisome vizuri.

Alfajiri iliyofuata alikuja na baba mdogo. Walikaa. Baba mdogo akaomba maji, akayashika. Mama akatazama kata ile mkononi mwake, akasema, "Kunywa, shemeji," akasema tena, "Kunywa," na mara ya tatu alikuwa amekwisha anguka chini.

Kwa kuwa hatukuwa na mwili, tulizika tunda la mwegea, lile refu na zito, limefungwa shuka, kama ilivyo desturi kwa mtu aliyepotelea mbali. Mama alinyolewa. Watu walipouliza imekuwaje, Mwalimu alijibu, "Barua haikusomwa vizuri." Haikusomwa. Hakumtaja msomaji, na wazee hawakumuuliza. Nilijua amefanya hivyo kunisitiri. Nilijificha ndani ya sentensi ile miaka mingi.

Ila kuna jambo ambalo hakuweza kulificha, nalo ni siku. Barua ilikuwa na tarehe, na msibani ikajulikana kwamba Wandera alikufa kabla wimbi halijavunwa, yaani kabla ya harusi. Nilisikia wanawake wakinong'ona kisimani. Mama wa Wandera, walisema, alicheza ngoma mwanawe akiwa udongoni hajaliliwa. Kwetu hilo ni doa. Mimi sikulielewa uzito wake. Nilikuwa mtoto, na nilijifariji kwamba angalau nilimpa mama mwezi mmoja wa furaha.

Nilipoolewa Masaba, miaka saba baadaye, ngoma ilipigwa mpaka vumbi likafunika kanga za watu. Wapigaji walimwona mama amekaa pembeni, wakabadilisha mdundo kama zamani, wakamngoja. Hakuinuka. Wanawake wakamvuta mikono, akairudisha mapajani. Mwishowe nikatoka mimi mwenyewe, bibi harusi, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, kidogo tu. Kwa ajili yangu."

Alinifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitambaa chake, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kujibu.

"Wewe cheza, mwanangu," akasema. "Mimi nilicheza siku ile."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichompa. Sikumpa furaha. Nilimsukuma uwanjani mbele ya kijiji kizima acheze juu ya kifo cha mwanawe, nikamnyima ngoma zote zilizobaki maishani mwake, hata ya kwangu.

Mama hakuniuliza kamwe barua ile ilisema nini hasa. Aliishi mpaka akanilelea watoto wanne, nami nilipata nafasi nyingi za kumwambia: tukipalilia, tukipura, na ile wiki ya mwisho nilipokuwa nikimlisha uji kwa kijiko, tukiwa wawili tu nyumbani. Kila mara nilifungua mdomo, nikasema jambo jingine.