Bastola Tatu na Nyani wa Mikumi

Miaka yangu ya mwanzo jeshini, bastola ilikuwa kama sabuni ya dukani: ipo ya aina moja, unapewa, unashukuru. Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka ya Kilosa yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini kwa mafungu, na kambini kwetu wakaanza kuingia mawakala waliovaa tai, kila mmoja na sanduku lake la bastola. Kwa mara ya kwanza tukaambiwa tuchague wenyewe bastola ya maofisa wetu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa meja mmoja mwenye viganja vipana kama majembe. Wa pili alikuwa fundi wa silaha, koplo mzee, mwenyeji wa Lumuma, ambaye kabla ya kufungua bunduki aliisikiliza kwanza kama daktari anavyosikiliza kifua. Wa tatu mimi, sajenti wa ghala la silaha. Nilidhani nimeteuliwa kwa ujuzi.

"Hapana," meja akanisahihisha. "Wewe ndiye mwenye mkono mdogo kuliko wote hapa kambini. Bastola ikikufaa wewe mwanamke, hakuna atakayelalamika."

"Ndiyo, afande," nikajibu, nikaificha mikono mgongoni.

Kwa cheo nilimzidi koplo. Kwa umri alikuwa sawa na baba yangu. Meja akiwepo, koplo aliniita afande. Meja akigeuka tu, nilimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa kunong'ona, utadhani tunauziana magendo.

Siku ya majaribio tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha upande wa Mikumi. Bastola ya kwanza iling'aa kama kijiko cha harusi, na meja aliipenda kabla hajaishika. Ya pili ilikuwa kubwa mno. Niliikamata kwa mikono miwili na bado kidole hakikufika kwenye triga. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, haina sura.

"Hii haina maringo," alisema koplo.

"Haina hata adabu," akajibu meja. "Nani atavaa kitu hiki kwenye gwaride?"

Ile inayong'aa ilifyatua vizuri sana mpaka upepo ulipoinua vumbi. Risasi ya nne ikakwama. Koplo akaisafisha; risasi ya pili tu, ikakwama tena.

"Vumbi la leo limezidi," meja akaitetea.

"Afande," koplo akauliza bila kucheka, "vita tutapigana masika tu?"

Meja akaamuru tule kwanza. Koplo alikuwa amezitoa risasi, akaifunga kila bastola kwenye gazeti. Mihogo yetu ya kuchemsha nayo ilifungwa kwenye gazeti. Nilikuwa namimina chai pale nyani dume mkubwa alipojitokeza nyuma ya gari, akachagua furushi moja bila papara, akapanda mkuyu. Tukalitazama gazeti likidondoka kipande kwa kipande. Hakuwa amechukua muhogo. Alishika ile bastola nyeusi.

"Risasi ulitoa zote?" meja akanong'ona.

"Nilitoa, afande."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa na uhakika kabla hajaishika."

Nyani akainusa, akaiuma, kisha akaigeuza ikatuelekea sisi. Nasema kweli: tulikuwa askari watatu waliofunzwa, na wote tulilala kifudifudi kwenye majani, meja akiwa wa kwanza. Chai ilinimwagikia kifuani na sikuthubutu kujifuta. Tulipokuwa bado tumelala, nyani akachoka na chuma kisicholika. Akaitupa. Ikagonga jiwe, ikaruka, ikatumbukia kwenye dimbwi la matope.

Koplo aliiokota, akaisuuza kwa chai iliyobaki kwenye chupa, akaisikiliza. Akaijaza risasi, akalenga. Nane zikatoka mfululizo, zote ndani ya shabaha. Kisha nikapiga mimi. Mwishowe meja naye akapiga, kisha akaanza kuondoa majani kwenye kombati.

"Andika," akaniambia. "Jaribio la kuangushwa kutoka juu: imefaulu. Jaribio la matope: imefaulu."

"Na aliyeiangusha, afande, nimwandike nani?"

Meja akafikiri. Koplo akamsaidia: "Andika mtaalamu wa Mikumi."

Nikaandika hivyo hivyo, na wakubwa wakapitisha. Siku ile, njiani kurudi, meja alimwonya koplo mara mbili kwamba habari ya kulala chini isifike kantini. Ilifika kabla ya gari letu.

Bastola zilikuja mwaka uliofuata, nyeusi vile vile. Lakini mifuko yake ya ngozi iliagizwa na kamati nyingine, nayo ilipima kwa macho. Ilikuwa mikubwa kiasi kwamba ofisa akikimbia, bastola ilicheza ndani kama karanga kwenye debe. Maofisa wakajazia matambara. Meja alijazia soksi ya kijani, na kwenye gwaride la kwanza ncha yake ilichungulia nje tangu wimbo wa taifa hadi mwisho, na mimi niliyesimama nyuma yake sikuwa na ruhusa ya kucheka.