Ubani wangu na gari lisilo na dereva

Leo gari lisilo na dereva limenigomea, mimi niliyeendesha lori mpaka Sudani nikiwa usingizini.

Msicheke kwanza.

Mpwa wangu Zuhura ni injinia. Amelifungia gari vijicho kumi na viwili vya kuonea njia, juu ya paa, mbele na nyuma, lijiendeshe lenyewe kutoka hapa Barani mpaka Lunga Lunga. Bosi wake kaja kushuhudia. Likikataa, kazi anapewa mwingine.

Nikasema safari ndefu haitoki kwangu kavukavu. Nikawasha chetezo, nikalizungushia gari ubani mara saba. (Ubani wenyewe si huu mnaonunua nyinyi.)

Zuhura akabonyeza kitufe.

Gari kimya.

Akabonyeza tena. Bosi akatazama saa. Mtoto wa watu jasho linamtoka.

"Mjomba, hebu ondoa chetezo. Linauona moshi kama ukuta."

Kumbe ni mimi.

Nikakificha chetezo nyuma ya kanzu. Kanzu imetoboka, lakini hayo tuyaache. Upepo ukapita, moshi ukatoweka, gari likaondoka taratibu kama bibi harusi.

Nikasema kwa sauti, "Mmeona? Lilikuwa lasubiri amina."

Zuhura kanitazama kwa jicho la mamake. Bosi akacheka. "Huko njiani watu huchoma taka kila siku. Mzee, kesho njoo na chetezo chako, tulifunze moshi."

Basi mimi sasa ni mwalimu wa gari. Nani kati yenu ana mwanafunzi mwenye macho kumi na mawili?