Video Niliyokataa Kuipokea

"Kitu kikishaingia kwenye simu za watu, kinatolewa vipi?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanipa mgongo. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu bara, nimesomea kompyuta, na katika nyumba yetu ya Mkunazini kila swali la simu lilikuwa langu. Hilo nililijibu kwa shida.

Si kwamba sikulielewa. Kazi yangu ya mwisho chuoni niliiandika juu ya mitandao isiyo na kitovu: kompyuta zinagawiana mafaili zenyewe kwa zenyewe, bila mtambo mkubwa wa kuyahifadhi, na kila anayepokea naye anakuwa mgawaji. Nilikuwa na mapenzi na wazo lile. Hakuna mwenye mali, hakuna wa kuzima, hakuna mkubwa wa kuombwa ruhusa. Wakubwa wa kuombwa ruhusa walikuwa wamenichosha. Ofisi moja Dar es Salaam ilishanikubali, inangoja niseme lini naanza, na kilichobaki ni neno la baba tu. Baba alisema atafikiri. Alikuwa akifikiri tangu kabla ya Ramadhani.

Katika kungoja huko ndipo tukaenda Chukwani, kwenye sherehe ya kumpamba bi harusi wa upande wa mama. Sherehe hizo hawaingii wanaume. Mabuibui yanavuliwa, vichwa vinabaki wazi, na kila mgeni anaacha simu yake kwenye kikapu mlangoni. Sote tulivaa sare, kitambaa kimoja cha zambarau chenye maua ya dhahabu, na ukitutazama kwa nyuma usingejua yupi ni yupi. Nilicheza. Nilicheza kama mtu anayepiga mlango teke. Kisha nikaondoka mapema kumsindikiza shangazi aliyetoka Makunduchi apate gari, mama akabaki.

Haukupita muda mrefu binamu yangu akaja kwetu na kunivuta kwenye ngazi.

"Shoga, kuna video ya Chukwani. Kuna mtu aliingia na simu ya pili."

"Umeiona?"

"Mie sijaiona, nimesikia tu. Wanasema anayecheza ni wa nyumba yenu. Kiuno hicho, wanasema, hakina mfupa!" Akacheka. Kisha akauona uso wangu, akaacha. "Nikutafutie uione?"

"Usithubutu."

Nilikuwa na sababu, na niliiona ya maana sana. Wanawake wa mitaa yetu hawamalizi bando kwa video. Wanaweka simu mbili pamoja, moja inarusha, nyingine inadaka, bila intaneti, bila kampuni ya kulalamikiwa. Ili niione lazima niipokee, na nikiipokea nimeongeza nakala moja. Mimi ninayehoji kila kitu, hata dua ndefu za mjomba, sikuhoji ni nani anayecheza. Nilijua nimecheza. Ilinitosha.

Swali la mama lilikuja jioni ile ile. Nikajua naye ameshasikia.

"Ingebidi kila mwenye nayo aifute mwenyewe," nikamwambia.

"Na wenye nayo ni kina nani?"

Aliendelea kukuna mpaka meno ya mbuzi yakaanza kukwaruza kifuu.

"Basi tutulie ndani kwanza," akasema. "Mie na wewe. Tusitoketoke."

Tukatulia. Harusi zilizofuata hatukwenda. Sokoni akatumwa mtu. Nilikaa ghorofani nikitazama kipande cha uchochoro kinachoonekana dirishani, na kila mwanamke aliyepita akitazama simu nilimhesabia kuwa anayo. Usiku wa kuamkia kila Ijumaa nilijiapia kwamba kesho nitamkumbusha baba habari ya Dar. Asubuhi nilishindwa. Ningemwombaje ruhusa mtu ambaye huenda jana tu jamaa zake wa barazani wamemwonyesha binti yake kichwa wazi?

Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, aliniita kutoka sebuleni.

"We!"

"Naam, baba."

"Njoo unitazamie simu hii. Imejaa, haipokei kitu. Watu wananirushia, inakataa."

Nikaishika. Nikafungua sehemu ya vilivyopokewa, nikavipitia kimoja kimoja, yeye kakaa mbele yangu anazungusha tasbihi. Mawaidha. Magoli. Mawaidha tena. Mbuzi anayepanda ukuta. Nilipoinua macho nilimwona mama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni naye hauoni.

"Umekuta nini?" baba akauliza.

"Hakuna kitu, baba."

"Kama hakuna kitu, imejaaje?"

Nikafuta magoli. Mama akarudi jikoni. Nilidhani ananiogopea, na nikamwonea huruma, pia nikamkasirikia, maana hofu yake ilinithibitishia yangu.

Neno la baba sikulidai tena. Ofisi ya Dar ilipiga simu, ikapiga tena, halafu nafasi ikapewa mwingine. Baba aliposikia alishangaa. "Mbona hukunikumbusha? Nshaamua zamani. Nilikuwa nangoja uulize." Nilikwenda juu, nikafunga dirisha.

Sasa nafundisha kompyuta Mwanakwerekwe, na bado nalala chumba kile kile. Miaka imepita. Juzi binamu yangu alinunua simu mpya, akaniletea na ile kuukuu nimhamishie vitu vyake. Video ilikuwemo, aliipata baadaye, akaogopa kuniambia, na mimi nilishamkataza. Nikaifungua.

Ukumbi umejaa zambarau na dhahabu. Mwanamke mmoja yuko katikati, mgongo kwa kamera, wengine wamemzunguka wanampigia makofi. Nyuma yao, kwenye kona, kiti alichokuwa amekalia shangazi wa Makunduchi hakina mtu: tumeshaondoka. Mwanamke anacheza kwa muda mrefu, kwa raha ambayo sijawahi kuiona nyumbani kwetu. Mwishoni anageuka, nywele zake za mvi zimefumuka.

Ni mama.