Puli Ndogo ya Kedowa

Ndugu yangu mdogo alipigwa na radi akichuna majani chai hapa kwetu Kedowa. Aliacha gari moja, na mama alikataa katakata liuzwe. Lilikuwa gari dogo la kawaida, ila ndugu yangu alikuwa amelifungia supachaja, ile pampu inayosukumia injini hewa ya ziada. Kila Jumapili baada ya kanisa nililiendesha hadi lami na kurudi, ili mama alisikie likipanda mlima. Alisema ni kama kijana wake anakuja. Mimi ni fundi wa magari, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kuilalamikia.

Basi vijana wa Chebunyo wakaanza kunichokoza kwa simu, eti gari la marehemu limekuwa la kupeleka akina mama kanisani. Hasira za kijinga zikanipanda. Jumamosi moja mchana nikateremka kushindana nao.

Kosa langu lilikuwa la mtu wa mlimani. Kwetu hewa ni nyepesi, kwa hivyo nilikuwa nimeifungia supachaja puli ndogo, kile kigurudumu cha mkanda kinachoizungusha, izunguke kasi zaidi na injini ishibe. Chebunyo ni chini, hewa ni nzito, na puli ileile huko inashindilia kupita kiasi. Nililijua hilo na nikalisahau. Pistoni na konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zilikuwa zile za kiwandani, zisizohimili msukumo huo. Ndugu yangu alikuwa amepaka geji ya msukumo wa hewa rangi nyekundu kwenye alama ya kumi. Ikifika hapo, alizoea kusema, toa mguu.

Tulipoanza mbio, mshale ulipita kumi kabla sijaingiza gia ya tatu. Injini ikaanza kugonga. Niliisikia vizuri sana, lakini mwenzangu alikuwa mbele kidogo tu, nikazidi kukanyaga. Konrodi moja ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika barabarani.

Tulilirudisha nyumbani juu ya lori. Nilimweleza mama yote isipokuwa kule kugonga.

“Ilichukua muda?” akaniuliza.

“Hapana, mama. Ilikuwa mara moja tu.”

“Hata kuhusu ndugu yako uliniambia hivyo,” akasema.

Ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia. Lakini siku ile nilimshika ndugu yangu mkono muda mrefu pale shambani, akimwita mama, hadi akakata roho. Sasa nikakaa chini kwenye nyasi kando ya gari, nikalia. Mama akaja akakaa kando yangu, akangoja nimwambie ukweli.