Sikurudi Alhamisi

Kosa ni langu, msinitafutie sababu. Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa karani wa mikopo ya wafanyabiashara wadogo, ofisi yetu katikati ya mji. Kazi yangu kukagua maduka. Rafu zimejaa, naandika anafaa. Ziko tupu, hafai. Basi!

Mama Nekesa alikuwa na kiduka mtaa wa Kawangware, pembezoni mwa mji. Mjane, na mchapakazi wallahi. Nilimwambia nitamkagua Alhamisi. Jirani yake, Were, nilimpangia Jumanne.

Jumanne nikafika kwa Were. Duka limefurika! Sukari, sabuni, majani chai mpaka juu. Nikamwandikia anafaa. Kisha uvivu ukanishika. Nije tena huku Alhamisi, na matope yale? Nikaingia kwa Mama Nekesa papo hapo.

Rafu tupu! Pakiti tatu za chumvi na viberiti.

"Lakini Bwana Karani, si ulisema Alhamisi?"

Nikamjibu ofisi haimngojei mtu. Jamani, ulimi wangu huu! Nikaandika hafai, nikaondoka.

Nimefika barabarani nikakumbuka mwavuli niliousahau dukani. Kurudi, namkuta Mama Nekesa anatoa katoni za sabuni kwa Were, anazirudisha kwake. Wala hakuona haya.

"Hizi ni vitu zangu. Were aliniomba apange kwake leo, wewe uone. Si ni jirani?"

Fomu zote mbili zilikuwa mkobani. Kuzichana na kuandika upya, dakika kumi tu! Lakini ningemweleza nini mkubwa wangu, aliyekuwa akinisifu kila siku kwamba sidanganyiki? Nikamwambia, "Usijali mama, nitakuja Alhamisi."

Sikwenda. Fomu nikazipeleka vilevile. Were akapata mkopo, akafungua duka la pili. Mama Nekesa akanyimwa. Hakuwa na cha kununulia mali mpya, na miezi michache baadaye akafunga.

Siku moja nikakutana naye Hurlingham kwa matajiri, kabeba beseni la nguo za watu za kufua. Nilitaka kuvuka barabara, akaniwahi.

"Bwana Karani! Ile Alhamisi nilipanga vitu zote, nikafagia mpaka nje. Nikakungoja mpaka giza ikaingia. Kwani ulikuwa mgonjwa?"

Nikasema ndiyo. Yarabi nisamehe, nikasema ndiyo! Naye akanipa pole.

Wewe unayeshika kalamu ya kumwamulia mwenzio riziki, nakusihi: ukisema Alhamisi, nenda Alhamisi. Na ukikosea, chana fomu ungali mlangoni pake. Usije ukapewa pole na mtu uliyemfungia duka.