Mita Tatu Zaidi

Wewe unajua nyumba yako imekalia nini? Mwanamke anayechora ramani ya mwamba uliofukiwa na tope la barafu ya kale hakubali kukisia. Kila udongo unaotoka shimoni huutafuna kwa meno ya mbele, akasikiliza chembe zake, kisha akatema. Kaarel, fundi wa mtambo wa kuchimba, alishaacha kumcheka.

Kijiji kilitaka shule yake. Bila mwamba wa karibu wa kubeba msingi isingejengwa, na watoto wangepelekwa mjini. Keekee ya mtambo ilipogonga jiwe, wazazi walishangilia wakidhani ndio mwamba. Leida, mama wa mapacha, akaanza kugawa samaki wa moshi.

“Tufunge kazi, dada, tukale,” Kaarel alisema.

“Chimba mita tatu zaidi, kaka. Barafu ilibeba mawe makubwa kuliko nyumba yako.”

“Nyumba yangu usiitukane!”

Kwenye mita ya pili keekee ilitoboa jiwe, ikazama kwenye tope laini. Mwanamke alilitafuna tope hilo polepole, macho yakiwa chini. Safari hii alisahau kutema.

Asubuhi iliyofuata Kaarel alimwona mwanamke yule mlangoni kwa Leida, akieleza mwenyewe kwamba mwamba haukupatikana na shule haitajengwa. Leida akamfungia mlango usoni. Mwanamke akabisha tena.