Mama Mkwe na Ukoo wa Nalidiksi

Mama mkwe wangu aliishi Kisian, nami nilikuwa muuguzi Kisumu mjini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mkojo ulianza kumchoma. Daktari akamwandikia nalidiksi, akapona, na Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alieleza kwa kina mno, hata pasta akaanzisha wimbo kabla hajamaliza.

Tangu hapo nalidiksi ikawa dawa ya kila kitu. Homa kali ilipomshika, akameza zilizobaki. Homa ikazidi kupanda. Tukamleta mjini, akapatikana na taifodi.

"Mbona dawa yangu imenisaliti?" akaniuliza.

"Mama, ile ukiimeza inakimbilia kwenye mkojo. Huko ndiko ina nguvu. Wadudu wa taifodi wameingia kwenye damu, na huko haifiki ya kutosha."

Akapewa sipro, dawa ngeni wakati huo, iliyozaliwa katika ukoo uleule wa nalidiksi. Alipopata nafuu nikamweleza kwamba hii huenea mwilini na kuua wadudu wengi zaidi.

"Kumbe mtoto amempita baba!" akasema, akapiga makofi.

Somo hilo alilibeba mpaka nyumbani. Baba mkwe alipougua nimonia, nilimkuta anahema kitandani, na mama amesimama kando yake na sipro mkononi kama askari wa zamu.

"Mama, hiyo haiwawezi vizuri wadudu wa nimonia. Mzee anahitaji sindano ya penisilini."

"Sindano ya wapi?" mzee akauliza huku akikohoa.

"Ya makalio, Baba."

Kwetu Wajaluo mke wa mwana haoni makalio ya baba mkwe, hata kwa tiba. Mzee akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Heri nife," akasema, "lakini nife na suruali yangu."

Tukampeleka zahanati, nikamwomba muuguzi mwanamume amdunge. Nilingoja nje na mama mkwe, tukimsikia mzee akiwaita mababu zake mmoja baada ya mwingine. Akapona.

Miaka ilipita, kikaja kizazi kingine cha ukoo wa nalidiksi na sipro, na hiki kiliwaweza hata wadudu wa nimonia. Nikampelekea mzee habari nikidhani atafurahi.

"Ni sindano?"

"Kuna vidonge, Baba."

Akamgeukia mkewe kwa uchungu. "Na huyu mjukuu alikuwa wapi wakati ule?"